Waya ukifa, koili ina kosa gani?

Wadau, hebu tuulizane. Pikipiki inamisi mvua ikinyesha, fundi anatupa jicho mara moja tu: "Koili imekufa, leta hela ya nyingine." Hivi kweli? Mara nyingi kilichochoka ni waya wa plagi: mpira umepasuka, umeme unavujia kwenye injini. Iwashe gizani utaziona cheche zenyewe.

Ni kweli koili nyingi za kiwandani, kama za Honda CB750 ya 1969, waya zake zimegandishwa humo humo, hazichomoki. Lakini waya unakatwa, unaungwa mwingine wa milimita 7 wenye nyuzi za shaba, kiungo kinazibwa maji yasiingie. Na kama tatizo ni kofia ya plagi kulegea, unaifungua, unakata ncha ya waya kama nusu sentimita, unaikaza tena. Basi!

Kutupa koili orijino nzima ili kufunga feki si ufundi. Anayelipia uvivu huo ni kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Mafundi wetu kuunga wanajua. Tuwadai wapime kwanza.

Au nyie mnasemaje?