Uimara wa kitambaa upimwe, usikisiwe

KATIKA maduka ya vitambaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, muuzaji akishapima mita anazotaka mteja hukata ukingo kidogo kwa mkasi, kisha huchana kwa mikono hadi upande wa pili. Mteja huliona hilo kuwa jambo la kawaida. Hata hivyo, katika sekunde hizo chache kitambaa huwa kimeonyesha sifa ambayo wanunuzi wengi hawaiulizii: kinachanika kwa urahisi kiasi gani.

Wengi hupima uimara kwa kukivuta kitambaa kwa mikono miwili. Hicho ni kipimo kingine. Kitambaa kizima kikivutwa, nyuzi zote hubeba mzigo kwa pamoja. Kikishatoboka, kwa mfano msumari wa dawati unaponasa sketi ya mwanafunzi, mzigo wote huangukia nyuzi mbili tatu zilizo mwanzoni mwa mchaniko, nazo hukatika moja baada ya nyingine. Ndiyo maana kitambaa kinachostahimili kuvutwa chaweza kuchanika kama karatasi.

Maabara hupima hali hiyo kwa taratibu za Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO). Njia moja hutumia chuma kizito kinachobembea na kuchana kipande kilichokwisha kukatwa kidogo. Nguvu inayotumika kuchana ndiyo kipimo. Njia nyingine hutumia kipande cha milimita 200 kwa 50, kinachopasuliwa katikati kwa milimita 100 hadi kifanane na suruali. Miguu yake miwili hubanwa na kuvutwa kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika. Matokeo hutolewa kwa nyutoni, yakitenganishwa kati ya nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazokatiza.

Kabla ya kupimwa, kitambaa huachwa katika hewa yenye nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 65, kwa sababu nguvu ya pamba hubadilika kulingana na unyevu. Hivyo majibu ya Dar es Salaam yanaweza kulinganishwa na ya Arusha au ya nje ya nchi.

Vipimo hivi huumbua imani nyingi za sokoni. Ugumu wa kitambaa kipya mara nyingine ni wanga tu, nao huisha kwa kufuliwa. Dawa za kuzuia mikunjo hushikilia nyuzi zisiweze kusogeleana na kusaidiana, hivyo mchaniko hupita kwa urahisi. Kitambaa laini ambacho nyuzi zake zina nafasi ya kusogea chaweza kustahimili zaidi.

Anayeumia ni mzazi anayelazimika kununua sare mara mbili kwa mwaka, na shule au hospitali inayolipia zabuni ya nguo zisizomaliza muda uliotarajiwa. Umefika wakati mikataba ya ununuzi wa aina hiyo itaje kiwango cha chini cha nyutoni, kwa mtande na kwa mshindio, kabla na baada ya kufua. Kuandika "kitambaa imara" hakumbani mzabuni yeyote.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, lina maabara ya nguo. Mafundi na wafanyabiashara wadogo wanaoona gharama ya kupima ni kubwa wanaweza kuungana na kupima kwa pamoja jora wanalonunua kwa wingi. Gharama hiyo ni nafuu kuliko kurudishiwa mzigo mzima wa sare.

Mkulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu naye ana haki ya kulidai hili. Sehemu kubwa ya pamba yake husafirishwa nje ikiwa bado pamba nyuzi. Haitabaki nchini kwa kuwasihi wananchi wapende nguo za nyumbani, bali pale kitambaa cha nyumbani kitakapopelekwa sokoni kikiwa na cheti cha vipimo mkononi.