Msifunge Njia ya Chakula kwa Jina la Afya

Njaa nayo inaua. Waliofunga mpaka kati ya Goma, Kongo, na Gisenyi, Rwanda, mwezi Machi 2020 walilijua hilo, au walipaswa kulijua. Kabla ya korona, watu wapatao 50,000 walikuwa wakivuka Petite Barrière, kivuko cha waenda kwa miguu mpakani hapo, kila siku, wengi wao akina mama wenye mizigo kichwani. Rwanda ilifunga tarehe 21 Machi. Siku tatu baadaye Rais Tshisekedi wa Kongo akatangaza hali ya dharura, na upande wetu nao ukafungwa. Hakuna aliyeuliza Ndosho, mtaa wetu wa Goma, italala imekula nini.

Ndosho wengi hawali mshahara, wanakula walichouza leo. Mama anachukua mali kwa mkopo asubuhi, jioni analipa deni, na faida inayobaki ndiyo unga, mafuta, makaa na sambaza kidogo, wale samaki wadogo wa ziwani. Hana friji wala akiba benki. Shamba atalilima wapi, na mji umekaa juu ya mawe ya volkano? Mzuie kuvuka siku chache, atakula mtaji. Mzuie mwezi mzima, watoto watakula mara moja kwa siku. Samaki na maharage ndivyo vinavyotangulia kutoweka, kisha mafuta, hadi unabaki ugali na sombe kavu, majani ya muhogo yasiyo na mafuta. Tumbo la mtoto linajaa, mwili wake haujengeki.

Na mpaka haukufungwa kwa wote! Malori ya mizigo yaliendelea kupita. Mwenye lori aliitwa mwenye bidhaa muhimu. Mama mwenye kikapu cha nyanya akaitwa hatari ya kiafya. Baadaye wanawake wakaambiwa wajikusanye, wanunue kwa pamoja, wasafirishe kwa gari, yaani wamlipe mwenye gari kwa kazi waliyokuwa wakiifanya kwa miguu yao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye shibe anayeandika sheria ana wajibu wa kuuliza.

Mtasema hapakuwa na njia nyingine. Goma yenyewe inawakanusha. Julai 2019 Ebola, inayoua kuliko korona, iliingia mjini humu. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa na kuzisihi nchi zisifunge mipaka. Rwanda ilifunga kwa saa chache tarehe 1 Agosti, kisha ikafungua. Watu walinawa mikono, wakapimwa joto, wakavuka, na Ebola ikazuiwa mjini. Najua korona husambaa kwa hewa, na msongamano wa pale ulikuwa hatari ya kweli. Basi mngegawa zamu, mngeongeza saa za kuvuka, mngetoa barakoa. Badala yake mipaka ya nchi kavu ya Rwanda haikufunguliwa kikamilifu kwa wasafiri hadi tarehe 7 Machi 2022. Karibu miaka miwili!

Mwaka 2021 Wakongomani milioni 27.3, mmoja kati ya kila watatu, walikuwa katika njaa kali. Vita vilichangia, sikatai. Lakini palipo na vita tayari, kumnyang'anya mama njia yake ya chakula ni kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Agosti 2024 mpox nayo ikatangazwa dharura ya dunia, na eneo letu la Kivu lilikuwa katikati yake. Maradhi mengine yatakuja. Kwa hiyo tunadai sasa, kabla hayajabisha hodi. Amri yoyote ya kufunga soko au mpaka itaje, katika karatasi hiyo hiyo, nani atawalisha waliofungiwa, kwa fedha zipi, na kuanzia siku gani. Mzigo wa kichwani uhesabiwe kuwa bidhaa muhimu sawa na mzigo wa lori. Na wauzaji wa mpakani wakae kwenye meza ya kamati za kupambana na maradhi, wawe na kura. Serikali isiyoweza kutimiza hayo isifunge njia. Haina haki hiyo.