Tahadhari kwa Waanglikana wa Nambilanje kabla minada ya korosho haijafunguliwa

Minada ya chama cha ushirika cha RUNALI ikishafunguliwa, fedha za korosho zitaanza kuingia kwenye akaunti na simu za wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Wauza pikipiki wanaujua msimu huo, wauza mabati wanaujua, na wahubiri wa kuhamahama wanaujua vilevile. Maneno haya yanawahusu wa kundi hilo la mwisho. Nawaandikia walimu wa kanisa, wazee wa kanisa na akina mama wa Umoja wa Mama wa Nambilanje na vijiji vya jirani, kwa sababu watakaokuja watakuja na Biblia mkononi, na watadai kwamba wanaiheshimu kuliko ninyi.

Mahubiri yao yana sehemu mbili. Ya kwanza hutangulia kwa WhatsApp: sauti ya mtu asiyejitaja jina, akieleza kwamba Kanisa Anglikana limeitupa Biblia na sasa linafungisha ndoa za jinsia moja. Ya pili hufuata na spika na turubai: hameni huko kwenye kanisa lililooza, njooni kwenye Neno, na mkija msije mikono mitupu, maana kuna mafuta, kuna maji, kuna chumvi, na kila kimoja kina bei yake. Mwisho wa yote mgonjwa huambiwa kwamba vidonge ni dalili ya imani haba. Simsemi jirani Mpentekoste anayekesha na mgonjwa akimwombea, kisha asubuhi akampandisha bodaboda kwenda zahanati. Huyo ni ndugu.

Tuanze na uvumi, kwa kuwa ndio unaofungua mlango. Mgogoro upo kweli. Februari 2023 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliridhia mpango wa sala za kuwabariki wenza wa jinsia moja. Hata huko sala hizo si ndoa, na sheria ya Uingereza yenyewe hairuhusu kanisa hilo kufungisha ndoa hiyo. Aprili mwaka huohuo mkutano wa GAFCON, umoja wa Waanglikana wahafidhina, mjini Kigali ukatangaza kwamba haumtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiongozi wa kuwaunganisha Waanglikana. Oktoba 2025, siku chache baada ya Sarah Mullally kutajwa kuwa Askofu Mkuu ajaye wa Canterbury, mwenyekiti wa GAFCON, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, akatangaza kuupanga upya ushirika wote bila Canterbury. Ni mambo mazito, na Mkristo anayo haki ya kuyajua.

Lakini Tanzania ilishasema neno lake zamani, wakati baadhi ya vijana wanaosambaza sauti hizo hawajazaliwa. Mwaka 1998, kwenye mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, Askofu Mkuu wetu Donald Mtetemela ndiye aliyewasilisha maneno yaliyoingizwa kwenye azimio la mkutano huo, kwamba matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Azimio likapita kwa kura 526 dhidi ya 70. Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania wakatangaza kwamba ushirika wao na Kanisa la Episkopo la Marekani umejeruhiwa vibaya, na kwamba hawatapokea kwa kujua msaada wa fedha kutoka kwa wanaounga mkono matendo hayo. Kanisa lililokataa fedha kwa ajili ya Maandiko leo linahukumiwa kwa sauti ya dakika mbili, tena na mtu anayeuza chumvi.

Hapa niongeze jambo ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Azimio lile la 1998 liliwataka pia Wakristo kuwasikiliza watu wenye mvuto wa jinsia moja na kuwahudumia kichungaji, na lililaani hofu isiyo na msingi dhidi yao. Anayelitumia kumpiga mtu mawe au kumfukuza mtoto nyumbani amesoma nusu ya ukurasa. Kusoma nusu ya ukurasa ndio ugonjwa wenyewe ninaouonya hapa.

Mtasikia pia kwamba habari za mamlaka ya Biblia ni za Waanglikana wa Dodoma, walioanzishwa na wamisionari wa CMS, na kwamba ninyi wa kusini, watoto wa misheni ya UMCA, mlirithi ubani na mishumaa tu. Msikubali. Mwaka 1876, ambao CMS walifika Mpwapwa, ndio mwaka ambao Askofu Edward Steere alilileta kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, akashukia Lindi na kuwafikisha Masasi. Steere huyo ndiye aliyekaa Zanzibar na wasaidizi wake wakitafsiri Maandiko kwa Kiswahili, hata wazee wenu wakayasoma kabla watu wa makabila mengi ya bara hawajaona kitabu kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 1915, Masasi ikiwa bado sehemu ya dayosisi ya Zanzibar, Askofu Frank Weston alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa kumpa cheo msomi B. H. Streeter, ambaye Weston aliona mafundisho yake yanaitikisa imani ya mitume. Weston alikuwa mtu wa ubani kwelikweli. Miaka miwili kabla alikuwa amewashitaki kwa uzushi maaskofu wa Mombasa na Uganda, watu wa mrengo wa kiinjili wa CMS. Huenda alikuwa mkali kupita kiasi, mimi naona hivyo. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwamba kusini hamkufundishwa kuyatetea Maandiko.

Kipimo chenyewe mnacho. Kifungu cha 6 kati ya Vifungu 39 vya imani ya Kianglikana kinafundisha kwamba Maandiko Matakatifu yana yote yanayohitajika kwa wokovu, na kwamba lisilosomwa humo wala kuthibitishwa nayo mtu asilazimishwe kuliamini. Kifungu cha 20 kinalikataza kanisa kulieleza andiko moja likapingana na lingine. Tamko la Yerusalemu la 2008, ambalo Wakristo wa kiinjili wa GAFCON wanalishika hadi leo, linavikubali vifungu hivyo, na linataka Biblia isomwe, ihubiriwe, ifundishwe na kutiiwa kwa maana yake iliyo wazi, kwa kuheshimu namna kanisa lilivyoisoma tangu zamani. Kwa hiyo mtu akikuambia usipokanyaga mafuta haya hubarikiwi, swali lako ni fupi: limeandikwa wapi?

Atakutajia mahali, maana wamejiandaa. Atataja Yakobo sura ya 5. Fungueni msome wote pamoja, taratibu. Mgonjwa wa Yakobo haendi uwanjani kupanga foleni. Anawaita wazee wa kanisa, watu anaowafahamu kwa majina, nao wanamwendea, wanaomba, wanampaka mafuta. Hakuna bei. Atataja leso za Paulo katika Matendo sura ya 19. Hakuna leso iliyouzwa pale, na Paulo hakuzitangaza. Ukirudi nyuma hadi sura ya 8 utamkuta Simoni, mchawi wa Samaria, akitoa fedha ili auziwe uwezo wa mitume, na Petro anavyomkemea. Atamtaja Naamani aliyejichovya Yordani, na hapo ndipo msimruhusu afunge kitabu mapema. Mwendelee hadi mwisho wa sura ya 5 ya 2 Wafalme: Elisha anakataa zawadi zote, Gehazi mtumishi wake anamkimbilia Naamani kwa siri, anachukua fedha na mavazi, na ukoma wa Naamani unamshika yeye. Anayeuza maji ya Naamani amesoma sura hiyo akaishia katikati.

Madhara ninayoyasema hayahitaji kukisiwa. Machi 2011 huko Samunge, Loliondo, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kufuata kikombe cha dawa cha Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa KKKT aliyesema alioteshwa. Kikombe kiliuzwa shilingi 500, basi bei ndogo haithibitishi kitu. Wagonjwa walifia njiani wakisubiri, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia mafuta ya upako. Aprili 2023 Kenya ilianza kufukua makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako watu walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili ilipita 400, ikiwemo ya watoto wengi. Msitu wa Shakahola haukuanza na makaburi. Ulianza na kukataa shule na hospitali, kwa maneno yaliyotajwa kuwa ya Biblia, mbele ya watu ambao hawakuwa na mtu wa kuwaambia: hebu tusome aya inayofuata.

Mtu huyo Nambilanje ni nani? Hapa kanisa letu lina deni. Padri mmoja hubeba vijiji vingi, na mwalimu wa kanisa analima kama wengine, hana mshahara, mara nyingine Biblia yake ndiyo Biblia pekee ya kikundi kizima. Tumekuwa hodari wa kuitetea Biblia dhidi ya Canterbury, mbali kabisa, huku somo la Jumapili likisomwa harakaharaka na mtoto ambaye hakupewa nafasi ya kulipitia. Uvumi unapenya hapo.

Basi kabla ya mnada wa kwanza, walimu wa kanisa wasome na waumini sura nilizozitaja, nzimanzima, mchana, milango ikiwa wazi hata kwa Waislamu majirani wanaotaka kusikia, maana watoto wao pia huitwa kwenye turubai hizo. Mhubiri mgeni aulizwe ametumwa na nani, askofu gani au mkuu gani wa dhehebu anamfahamu, na serikali ya kijiji iulizwe kama ameripoti. Sauti ya WhatsApp isisambazwe kabla ya kupelekwa kwa padri. Fedha za korosho zisitolewe kwa ahadi ya muujiza, iwe ni kwa jina la mbegu, la shukrani au la kuvunja laana ya ukoo.

Na kama yupo nyumbani kwako ambaye ameshaacha dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV kwa sababu ya mahubiri, usimgombeze na usisubiri Jumapili. Chukua kadi yake ya kliniki, umpeleke leo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, umweleze mhudumu ni siku ngapi amekaa bila kumeza.