Cheri za Supamaketi, Mapera ya Getini

Boom lilipoingia, mwenzangu wa chumbani alirudi na kikopo cha cheri kutoka supamaketi. Alisikia kwamba zinaleta usingizi na kulinda moyo, basi akajilipua. Tulikula chache, zikaisha. Tamu, sikatai.

Na sifa zenyewe si uongo mtupu. Rangi ile nyekundu iliyokolea inatokana na anthosianini, kemikali ambazo wataalamu wanazihusisha na kupunguza uvimbe mwilini. Cheri chachu zina melatonini kidogo, homoni ya usingizi, ingawa tafiti zake nyingi zimefanywa kwa watu wachache. Mwenzangu bado analala saa nane usiku, simu mkononi.

Sasa njoo getini. Zambarau zinazotupaka ulimi rangi kila msimu zina anthosianini pia. Na pera je? Gramu 100 za pera zina miligramu 200 hivi za vitamini C. Chungwa lina kama 50. Cheri tamu hazifiki hata 10! Vitamini hiyo inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Kwa dada zetu wanaopoteza damu kila mwezi, na kwa sisi sote tunaoishi kwa wali maharage, hilo si jambo dogo. Chai ya rangi tunayoshushia chakula hufanya kinyume: inapunguza chuma unachopata.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Wangapi tunafika? Tusisingizie uvivu peke yake. Chuoni kwetu soda na chipsi mayai viko hatua chache kutoka bwenini, lakini mama anayetuuzia mapera haruhusiwi kuvuka geti. Ukitoka maktaba saa mbili usiku, keshaondoka. Unaishia kwenye chipsi, tena kwa hela nyingi zaidi.

Kila kampeni tunaahidiwa intaneti ya kasi. Sawa. Ila safari hii, serikali ya wanafunzi iuombe uongozi wa chuo kitu rahisi: meza moja ya matunda kando ya kila kafeteria, maji ya kuoshea, na kodi ambayo mama yule anaimudu. Mgombea atakayekuja na hilo, kura yangu anayo. Za cheri tutakula siku tukiajiriwa.