Furaha ya Nyumba Haingoji Mshahara



Wiki hii tunawageukia ndugu zetu wa Kisumu. Tangu reli itokayo Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ule umekuwa na jamaa zetu wa damu, wa ndoa na wa biashara. Malalamiko yao ni yale yale ya huku pwani: unga na mafuta vimepanda, karo haingoji, na mwisho wa juma ukifika watoto huuliza, "Mama, leo twenda wapi?" Mama huinamisha kichwa, asiwe na la kujibu.

Wako wanaosema kwamba wakati wa dhiki michezo ni anasa, na ndiyo ya kwanza kukatwa. Tusiharakishe. Nyumbani kwa Mtume wetu (s.a.w.) ilikuwa miandamo ya miezi ikipita bila moto kuwashwa jikoni, chakula kikawa tende na maji. Naye ndiye aliyeshindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na ndiye aliyemliwaza mtoto Abu Umayr kwa kumuuliza habari za kindege chake. Ufukara haukuitoa furaha nyumbani mwake, kwani furaha ile haikununuliwa sokoni.

Tena nyumba isiyo na kicheko haikai tupu. Kijana asiyepata wa kuzungumza naye hujifungia na simu, na humo simuni kamari humngoja kwa jina la mchezo, ikianza na shilingi chache na kuishia na ada ya shule. Wengine kwa kuona haya mbele ya watoto hukopa kwa simu ili siku ya Idi waende mahali pa fahari. Deni hurudi na ziada, nayo ni riba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tutazame kilichopo. Kisumu imejaaliwa ziwa, na kuliangalia ziwa hakuna malipo. Mkisha kuswali Alasiri, chukueni mkeka, birika la chai na mahamri au viazi vya kuchemsha, mwende upande wa Dunga au Hippo Point. Waonyesheni watoto mafunjo, ndege na mashua za wavuvi. Mji uko karibu sana na ikweta, hivyo jua huzama ziwani mwaka mzima takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, na Magharibi huingia papo hapo. Likianza kuzama, kunjeni mkeka. Viboko hutoka majini kula majani giza linapoingia, wala si wanyama wa kufanyiwa mzaha. Watoto wasiingie majini, kwa kuwa kando ya ziwa pana kichocho. Na asipande mtu mashua bila jaketi la kuokolea.

Samaki wa ziwani ni halali na hahitaji kuchinjwa, lakini kikaango cha hotelini hatujui kimepikiwa nini kabla yake. Kununua ngege au dagaa kwa wavuvi na kumkaanga nyumbani ni rahisi zaidi, na moyo hutulia.

Siku nyingine nendeni Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara iendayo Kericho. Mna boma la Kijaluo lililojengwa kama lilivyokuwa zamani, samaki wa ziwa na nyoka. Ulizeni kiingilio mapema, muweke akiba kidogo kidogo, ili safari isikopewe.

Na siku isiyo na hata nauli, usiku wa nyumbani watosha. Zimeni simu baada ya Isha. Babu atege vitendawili, wasichana wacheze mdako, wavulana waletewe bao. Majirani zetu Wajaluo wanao mchezo wa namna hiyo, wauitao ajua. Mtoto wa jirani akialikwa, ujirani nao hupata nguvu.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Mara nyingi mama huachiwa peke yake kazi ya kuwafurahisha watoto, naye ndiye aliyechoka kuliko wote. Mtoto atakaposimulia utotoni mwake, hatahesabu shilingi zilizotumika; atasema baba alikuwapo, au hakuwapo. Saa moja ya baba kwa juma haina bei dukani, na mfuko mtupu si udhuru wa kuinyima nyumba saa hiyo. Siku hiyo mama naye apumzike, akae mkekani anyweshwe chai kama mgeni.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, kaeni mume na mke, mchague siku moja na jambo moja, muwaambie watoto, kisha mtimize ahadi. Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu chache na azijaze nyumba zetu utulivu. Amin.