Kifua Kikuu si Deni la Zahanati Peke Yake

Mgonjwa wa kifua kikuu huko Matiri hupewa dawa bure kwa miezi sita. Nauli ya kuzifuata na siku za shamba la kahawa zilizopotea hubaki juu yake. Wilayani humo humo Mbinga, Ngaka, huchimbwa makaa ya mawe, na vumbi la migodini huyachosha mapafu, likaufungulia ugonjwa mlango. Mwaka 2018, mjini New York, wakuu wa nchi na serikali waliahidi kuutokomeza. Haikuwa ahadi ya mawaziri wa afya pekee. Kwa nini basi wagonjwa wakiongezeka huulizwa Mganga Mkuu wa Wilaya tu? Baraza la Madiwani liwaulize pia wasimamizi wa migodi, barabara na TASAF, tena kwa takwimu.