Gari la nyumbani ni lipi?

Hoja kwamba kununua gari la nyumbani hubakiza fedha nchini ina ukweli nusu, kwa kuwa magari mengi yanayoitwa ya Kenya huunganishwa Thika, Mombasa au Nairobi kutokana na vipande, yaani injini, giaboksi na sehemu za bodi zilizokwisha kutengenezwa ng'ambo, na kazi inayobaki ni kuchomelea, kupaka rangi na kufunga viti, betri, vioo na springi. Vipande hivyo husamehewa ushuru wa forodha, ilhali gari lililotumika kutoka Japani, ambalo kanuni hairuhusu lizidi umri wa miaka 8, hutozwa ushuru na, likishashushwa bandarini Kilindini, huwalisha wakala wa forodha, dereva wa kulifikisha bara na mafundi wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, hesabu ambayo watetezi wa viwanda huisahau kwa urahisi mno. Kinachostahili kupimwa ni thamani inayoongezwa, yaani tofauti kati ya gharama ya vifaa vilivyonunuliwa na bei ya bidhaa iliyokamilika. Na kwa kipimo hicho bodi ya matatu, ambayo mabati yake hukatwa, hukunjwa na kuchomelewa karakanani Nairobi juu ya chesisi ya lori, huenda ikawa ya nyumbani kuliko gari dogo jipya linalosifiwa kwa jina hilo.